Unapiga Moshi, inalia Njiro: njia za simu kwenye getikipa tatu

Kampuni ya utalii ina ofisi kuu Njiro, Arusha, tawi la safari za mlima Moshi mjini, na gereji Usa River, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Simu za video ziko 18 Njiro, 12 Moshi na 5 gereji. Ni za mtumba, zilitolewa kwenye hoteli iliyokuwa ikifanyiwa ukarabati, na zinatumia H.323, mfumo wa simu za sauti na picha mtandaoni uliopitishwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mwaka 1996. Wapo ambao wangeshauri zitupwe zinunuliwe za SIP, mfumo mwingine wa simu za mtandaoni. Hatuoni haja: kamera bado zinaona vizuri na kazi zinafanya. Fundi wa Usa River anamwonyesha msimamizi wa magari springi iliyopasuka, wakakubaliana papo hapo kama gari litatoka kesho. Mtunza stoo wa Moshi anahesabu mahema na mitungi ya oksijeni mbele ya kamera kabla ya kundi kupanda.

Kila kituo kina getikipa yake, yaani seva inayosajili simu na kuamua kila simu inayopigwa ielekezwe wapi. Zote tatu ni programu ya GnuGk juu ya Linux, na zinawasiliana kwa VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, iliyojengwa kwa programu ya WireGuard. Seva moja ingetosha kwa simu 35, lakini laini ya intaneti ikikatika Moshi, watu wa Moshi wanataka waendelee kupigiana wenyewe kwa wenyewe. Uamuzi wa kuweka tatu ulikuwa sahihi. Shida ilikuwa kwenye namna zilivyounganishwa.

Malalamiko yalikuwa manne. Njiro wakipiga 2105 kumtafuta mtunza stoo wa Moshi, inalia simu ya uhasibu hapohapo Njiro. Simu zinapita upande mmoja tu: Moshi wakipiga Njiro, inaenda bila tatizo. Ukipiga simu iliyozimwa, kunakuwa kimya kirefu, kisha inakatika bila kukuambia kitu. Na mara nyingine sauti inafika, picha haiji. Yote manne yaliwekwa kwenye fungu moja: mtandao wa Moshi mbovu. Ukweli ni kwamba kila lalamiko lilikuwa na chanzo chake, na laini ya Moshi yenyewe ilikuwa nzima.

Kwanza, simu inavyotafutwa. Ikiwashwa, inatuma ombi la usajili, RRQ, kwenye porti 1719 ya UDP. Seva ikikubali inajibu RCF. Mtu akipiga namba, simu inaomba ruhusa kwa ARQ. Seva inatafuta mwenye namba. Ikimpata inajibu ACF yenye anwani, isipompata inajibu ARJ yenye sababu. Namba ikiwa si ya kwake, inaweza kumuuliza jirani, yaani getikipa ya kituo kingine, kwa LRQ, naye anajibu LCF akiwa nayo au LRJ asipokuwa nayo. Hapo ndipo simu yenyewe inaanza, kwa TCP kwenye porti 1720, halafu sauti na picha zinafuata kwa UDP. Ukielewa hatua hizi huhitaji kubahatisha, kwa sababu kila kosa lina mahali pake pa kuonekana.

Pa kuonekana ni porti ya hali, namba 7000. GnuGk huwa imeifunga, kwa hiyo kwenye sehemu ya GkStatus::Auth andika rule=explicit, 127.0.0.1=allow na default=forbid, ili ifunguke kwa seva yenyewe tu. Kisha telnet 127.0.0.1 7000. Amri ya rv inaonyesha simu zote zilizosajiliwa na anwani zake, cv inaonyesha zinazoongea sasa hivi, na reload inasoma upya faili la mipangilio. Ukiiacha wazi huku mtu anapiga, mistari ya ACF, ARJ, LCF na LRJ inapita mbele ya macho yako. Ukitaka undani zaidi, washa seva kwa gnugk -c gatekeeper.ini -ttt -o gnugk.log. Usiiache hivyo kwa wiki nzima, faili linavimba haraka.

Sasa 2105. Vituo vyote vitatu vilikuwa na namba za ndani zinazoanzia 101. Aliyepanga mwanzo aliwaambia watu wa Njiro watangulize 2 wakipiga Moshi, na kwenye seva ya Njiro, sehemu ya RasSrv::RewriteE164, akaweka kanuni 21=1. Nia yake ilikuwa 2105 igeuke 105 kabla ya kufika Moshi, kwa sababu Moshi wanaijua kama 105. Tatizo ni mpangilio wa kazi ndani ya GnuGk: namba inabadilishwa kwanza, njia inatafutwa baadaye. Kanuni ilipokwisha kufuta ile 2, seva haikuwa tena na alama yoyote kwamba simu hii ni ya Moshi. Ikabaki na 105. Na mpangilio wa kawaida wa kutafuta njia ni explicit, internal, parent, neighbor, yaani simu za ndani zinaangaliwa kabla ya jirani. Ikaikuta 105 ya uhasibu, ikajibu ACF. Seva ilifanya kazi yake sawasawa. Iliulizwa swali ambalo si lenyewe.

Unaweza kuirekebisha kwa kanuni nyingi zaidi, uikate namba huku na kuiunga kule. Tunaikataa njia hiyo. Namba zinazofanana vituoni zitazaa kosa lingine kila anapokuja mtu mpya kwenye seva. Dawa ni kila simu kuwa na namba yake isiyofanana na nyingine yoyote, na namba hiyo ndiyo isajiliwe kwenye simu yenyewe. Njiro ikawa 51xx, Moshi 52xx, Usa River 53xx. Aliyekuwa 105 Moshi sasa ni 5205, aliyekuwa 105 Njiro ni 5105. Hakuna kukata wala kuunga, namba inasafiri ilivyo toka mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na wazo la kufuata msimbo wa eneo wa simu za mezani, lakini Arusha na Kilimanjaro zote ni 027, kwa hiyo haukuweza kutofautisha chochote. Tarakimu ya kwanza isiwe 0 wala 9. Ziache kwa siku ambayo mtataka kutoka nje.

Kubadilisha namba kwenye simu 35 ni kazi ya mikono, na watu wamezoea za zamani. Kwa kipindi cha mpito kila seva ilipewa kanuni moja ya njia ya mkato ndani ya kituo: Njiro 1=51, Moshi 1=52, Usa River 1=53. Ukipiga 105 ukiwa Moshi, inageuka 5205. Angalia kwamba matokeo ya kanuni hayaanzi na 1, kwa hiyo hata namba ikipitishwa tena kwenye kanuni hiyo haibadiliki mara ya pili. Kanuni kama 1=15 ingekuletea msiba. Na hapa kuna hatari ambayo haina uhusiano na starehe ya ofisi: 112 ni namba ya dharura ya polisi na 114 ni ya zimamoto. Kwa kanuni ya 1=51, mtu aliyeshikwa na taharuki akipiga 112 analiza 5112. Seva hizi hazina njia yoyote ya kutoka nje, kwa hiyo simu hizo zisingefika hata bila kanuni, lakini kuliza meza ya mtu ni kumpotezea dakika anayehitaji msaada. Namba zinazoishia 12 na 14 ziliachwa wazi vituo vyote, na kila simu ikabandikwa karatasi: dharura, tumia simu ya mkononi.

Kanuni ya 21=1 ilipotolewa, Njiro ikipiga 5205 hailii popote. Kwenye porti ya hali kukatokea ARJ yenye calledPartyNotRegistered. Wengi wakifika hapa wanarudisha walichokitoa. Lakini haya ni maendeleo: simu sasa inaulizwa Moshi, na Moshi ndiyo inayokataa. Kosa hili lilikuwepo siku zote, ila halikuonekana kwa sababu simu za Njiro hazikuwa zikitoka Njiro.

Ukiwa kwenye seva ya Moshi, tcpdump -ni any udp port 1719 inaonyesha LRQ ikiingia kutoka 10.99.0.1. Ukifungua mipangilio, Moshi inamjua jirani wa Njiro kwa anwani 10.51.0.2. Hiyo ndiyo sababu. Moshi, VPN iko kwenye ruta, na seva ina anwani moja tu. Njiro, WireGuard iliwekwa kwenye seva yenyewe, kwa hiyo seva ina anwani mbili, ya mtandao wa ndani na ya VPN. Ikipeleka ombi kwa jirani, linatoka na anwani ya VPN. Moshi inaona mgeni asiye kwenye orodha ya majirani, inajibu LRJ. Moshi ikiuliza Njiro hakuna utata, ndiyo maana simu zilienda upande mmoja. Simu inayoenda upande mmoja karibu kila mara ni suala la nani anamtambua nani, mara chache sana ni kasi ya laini.

Dawa ni mstari mmoja kwenye seva ya Njiro, Home=10.51.0.2, unaoifunga GnuGk kwenye anwani hiyo peke yake. Hakikisha pia mipangilio ya WireGuard ya upande wa pili inaruhusu 10.51.0.0/24 kwenye AllowedIPs, la sivyo paketi zitatupwa kimya kimya kabla hazijafika kwenye getikipa. Badiliko la Home lifanyie kuwasha upya huduma nzima, saa ambayo hakuna anayeongea.

Kimya kirefu kilikuwa na visababishi viwili vilivyopandana. Cha kwanza: seva zote tatu ziliandikwa SendPrefixes=* na ForwardLRQ=always kwa kila jirani. Maana yake, namba yoyote nisiyoijua naipeleka kwa majirani wote, na wao wasipoijua waipeleke mbele. Namba ikiwa haijasajiliwa popote, Njiro inauliza Moshi, Moshi inauliza Usa River, Usa River inaiuliza Njiro. Ni kama mgeni anayeulizia nyumba mtaani na kila anayemuuliza anamwelekeza kwa mwenzake. Ombi lina hesabu ya hatua inayopungua kila linapopelekwa mbele, kwa hiyo haliwezi kuzunguka milele, lakini kila hatua inasubiri jibu la inayofuata. Na mtu, akiamini mtandao ni mbovu, alikuwa ameweka NeighborTimeout=50. Kipimo cha thamani hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Ya kawaida ni 5, yaani nusu sekunde. Yeye aliifanya sekunde tano. Kama ping kati ya vituo iko chini ya milisekunde 100, nusu sekunde inatosha kabisa.

Kila seva ikaambiwa wazi namba zipi zinaulizwa kwa nani. Hii ndiyo mipangilio ya Njiro:

[Gatekeeper::Main]
Name=gk-njiro
Home=10.51.0.2
TimeToLive=120

[RoutedMode]
GKRouted=1
H245Routed=1

[RoutingPolicy]
51=internal
52=neighbor
53=neighbor
Default=internal

[RasSrv::RewriteE164]
1=51

[RasSrv::Neighbors]
GKMoshi=GnuGk
GKUsa=GnuGk

[Neighbor::GKMoshi]
GatekeeperIdentifier=gk-moshi
Host=10.52.0.2
SendPrefixes=52
AcceptPrefixes=51
ForwardLRQ=never

[Neighbor::GKUsa]
GatekeeperIdentifier=gk-usa
Host=10.53.0.2
SendPrefixes=53
AcceptPrefixes=51
ForwardLRQ=never

Moshi na Usa River ni hivyohivyo, kila moja na tarakimu zake. SendPrefixes ni namba ninazomuuliza jirani huyo. AcceptPrefixes ni namba ambazo yeye anaruhusiwa kuniuliza mimi, kwa hiyo Njiro inaandika 51 kwa majirani wote wawili. Watu wengi wanazigeuza hizi mbili, wakaandika 52 kwenye zote, na matokeo yake ni LRJ kwa kila simu inayoingia. Sehemu ya RoutingPolicy inakata ubishi kabisa: namba ya 52 haitafutwi ndani ya Njiro hata mtu akiisajili huko kwa bahati mbaya.

Kisababishi cha pili ni umeme. Simu ikizimika ghafla haiwahi kuaga. Seva inaendelea kuihesabu kuwa hai mpaka muda wa usajili uishe, na TimeToLive ilikuwa 3600, saa nzima. Ndani ya saa hiyo, anayeipiga anapewa ACF, seva inajaribu kufungua TCP kwa simu isiyokuwepo, inasubiri. Ikashushwa hadi 120. Simu sasa inahuisha usajili ndani ya dakika mbili, na isipofanya hivyo inaondolewa, anayepiga anaambiwa mara moja kwamba haipatikani. Usishuke hadi 30: simu za gereji ziko kwenye Wi-Fi, na paketi chache zikipotea kati ya mashine ya kulehemu na ukuta wa mabati, simu nzima itaonekana imekufa.

Umeme ukirudi kuna mtego mwingine. Simu inapewa anwani mpya na DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani, inaomba kusajiliwa kwa namba ileile, seva inaona namba hiyo bado ina mwenyewe kwenye anwani ya zamani, inajibu RRJ ya duplicateAlias. Kwenye ruta za vituo vyote kila simu ikatengewa anwani yake ya kudumu kwa MAC, yaani namba ya kifaa iliyowekwa kiwandani. Kazi ya kuchosha, lakini ikifanyika mara moja imeisha.

Ikabaki picha. Lalamiko lilisema mara nyingine, na neno hilo linapoteza muda wa mafundi wengi. Ukiandika kila jaribio, nani kampigia nani, inaonekana haikuwa bahati: picha ilipotea pale tu ambapo anayeituma alikuwa na simu ya toleo jipya zaidi, kwani simu zetu ni za matoleo mawili, na simu inavuka VPN. Ndani ya kituo simu hizohizo zilionyesha picha safi. Toleo la zamani hukata picha katika paketi zisizozidi baiti 1,260. Jipya hupeleka hadi 1,460. WireGuard kwa kawaida ina MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi, ya 1420. Paketi ya 1,460 haipiti nzima, inabidi ikatwe vipande, na ruta ya Moshi ilikuwa na kanuni ya usalama inayotupa vipande. Sauti ilisalimika kwa sababu paketi yake ni ndogo: kwa G.711, namna ya kufunga sauti, milisekunde 20 ni baiti 160 za sauti na 40 za vichwa, jumla 200.

Kupima ni rahisi. Ukiwa Njiro, ping -M do -s 1392 10.52.0.2 inapita, kwa kuwa 1392 na 28 za vichwa ni 1420 kamili. Ongeza moja, 1393, inakataa. MTU ya simu zote ikawekwa 1300 kwenye menyu ya mtandao ya simu, na picha ikarudi. Kuna anayeshauri kurekebisha MSS, kikomo cha data ndani ya paketi ya TCP, kwenye ruta. Hiyo inasaidia TCP tu, na picha hii inasafiri kwa UDP. Na hakuna sababu ya kuwasha Proxy, yaani kupitisha sauti na picha ndani ya seva, kwenye GnuGk hapa. Vituo vyote vinaonana kwa anwani halisi ndani ya VPN, kwa hiyo acha picha zipite moja kwa moja kati ya simu na simu; seva ibaki na njia ya kupiga peke yake.

Kuhusu kasi, kila simu ilipangiwa 384 kbps kwenye menyu yake. Ukitaka seva ndiyo izuie, kuna TotalBandwidth, lakini soma kipimo chake vizuri: inahesabu biti 100 kwa sekunde, na inajumlisha kwenda na kurudi. Simu moja ya 384 ni 7680. Ukiandika 768 ukidhani ni kilobiti, umebakiza kilobiti 76.8, na seva itakataa kila simu ya video. Kisha kumbuka inahesabu simu zote za seva hiyo, hata za meza mbili za ofisi moja ambazo hazigusi laini ya nje. Kwa vituo vidogo hivi, kikomo kwenye simu kinatosha.

Majaribio yalifanywa pande zote sita: Njiro kwenda Moshi na kurudi, Njiro na Usa River, Moshi na Usa River. Kila upande simu tatu: kwa namba iliyowashwa, kwa namba iliyochomolewa umeme zaidi ya dakika mbili zilizopita, na kwa namba isiyokuwepo kama 5299. Simu kumi na nane, na kwa kila moja unaangalia porti ya hali ya seva zote mbili. Kwa 5299 unatakiwa kuona LRJ moja kutoka Moshi na ARJ moja Njiro, basi. Ukiona LRQ kuelekea Usa River, kuna ForwardLRQ au SendPrefixes uliyoisahau. Kabla ya kugusa chochote, nakili gatekeeper.ini ya kila seva pembeni ikiwa na tarehe kwenye jina.

Kanuni ya njia ya mkato nayo ina mwisho. Kwa kuwa namba zinabadilishwa kabla ya njia kutafutwa, ukitaka kujua nani bado anapiga tarakimu tatu, weka nukta mkato mwanzoni mwa mstari wa 1=51, fanya reload, kisha fuatilia mistari ya ARJ kwa siku moja ya kazi. Kila 1xx inayotokea ina anwani ya aliyepiga. Mpelekee karatasi ya namba mpya mezani kwake, na mstari ule usiurudishe.